Kaka anasema ni mila, mdogo wangu anasema ni mizimu: nianzie wapi?

Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Sisi ni Wachaga, watoto sita. Baba alilala Desemba iliyopita, tukamzika kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Mwaka unakaribia kutimia na wazee wa ukoo wametuita nyumbani kumaliza msiba. Tumeambiwa mbuzi atachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, itamwagwa kaburini, masale (majani ya mmea wa isale) yatapandwa, na baba mkubwa "atasema na baba yenu". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotuvuruga.

Kaka yetu mkubwa ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri. Anasema hii ni heshima kwa mzazi, wala hakuna ibada yoyote pale. Mdogo wangu wa kike ameokoka na anasali kanisa la kipentekoste mjini. Yeye anasema ile ni madhabahu ya mizimu, na atakayeonja ile nyama amefunga agano na wafu. Kwenye kundi la familia la WhatsApp kaka aliandika kwamba walokole wanafundishwa kudharau wazazi. Mdogo wangu akatuma video ya mhubiri. Kaka akajibu kwa Warumi 14, yeye akarudisha 2 Wakorintho 6, kisha akajitoa kundini. Sasa amesema haji, na watoto wake hawaji.

Mama amenyamaza. Mimi nimeokoka, nasali na kaka, lakini mdogo wangu simwoni mjinga. Wamenitaka nipatanishe. Nianzie wapi? Niende? Nile ile nyama?

Wa katikati, Moshi

*

Dada, asifiwe sana. Pole. Mwaka mmoja bado ni msiba mbichi, na ugomvi huu umewakuta kabla hamjapona.

Nenda. Kuhusu nyama, jibu linategemea jambo ambalo kwa barua yako hakuna kati yenu aliyekwenda kuliuliza: nini hasa kitafanyika siku hiyo, kwa maneno gani, na maneno hayo anaambiwa nani. Kaka yako anatetea heshima ya baba. Mdogo wako anapinga kuomba kwa wafu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na inawezekana kabisa kila mmoja ana haki katika lake. Wamerushiana mistari kabla ya kujua wanabishania kitu gani, na ndiyo maana kila mstari uliotumwa ulimkosa aliyelengwa.

Kwa hiyo usianze na ndugu zako. Anza na baba mkubwa. Nenda kwake mapema, kabla ndizi za mbege hazijavundikwa, maana mbege ikishaanza kutengenezwa na wageni wakishaitwa, hakuna mzee atakayebadili kitu bila kujiona ameaibishwa. Beba sukari au sabuni kama mtoto aendaye kumsalimia mzazi, mwamkie, kaa, zungumza habari za shamba kwanza. Biblia ibaki mkobani. Kisha mwombe akufundishe, kwa sababu hii ni mara yenu ya kwanza kumaliza msiba wa mzazi. Muulize nani atamchinja mbuzi na wapi. Nani atagawa nyama. Mbege itamwagwa na nani, na akimwaga atasema nini. Masale yanapandwa kwa maana gani. Halafu, mwishoni na kwa upole, muulize: "Tusipofanya hivi, baba mkubwa, kutatokea nini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Akijibu, "Watu watasema watoto wake hawakumkumbuka," mnazungumzia heshima na jina la familia. Akijibu, "Atakasirika, wajukuu wataugua, mashamba hayatazaa," basi tendo lile ni sadaka ya kumtuliza marehemu, hata kama kaka yako analiita mila. Usibishane naye hapo hapo. Msikilize, mshukuru, na uyaandike maneno yake ukishatoka.

Ukiwa na maneno hayo, ichambue shughuli tendo kwa tendo. Hapa ndipo familia nyingi za waamini hukosea: huichukua siku nzima kama furushi moja, wakalibeba lote au wakalitupa lote. Ndugu kukusanyika kaburini, kulisafisha na kulijengea, hakuna mstari wa Biblia unaokataza. Kuchinja mbuzi na kumpa kila mtu kipande kinacholingana na nafasi yake katika ukoo ni utaratibu wa undugu. Kwa Wachaga nyama iliyogawanywa vizuri inasema nani ni nani bila hotuba. Isale hutumika kuweka mpaka wa kihamba na hutumika kuombea msamaha, kwa hiyo jani lenyewe halina neno. Neno analo anayelipanda. Kikao cha ukoo cha kusikia madeni ya marehemu na mambo ya mirathi ni wajibu kabisa. Linabaki lile la kumwaga mbege na "kusema na baba yenu". Hapo maneno ndiyo yanayoamua. Mzee akisimama akawaeleza wajukuu habari za babu yao, hiyo ni historia. Akimwomba marehemu ulinzi, uzazi au mvua, ameomba kwa asiyekuwa Mungu, na Kumbukumbu la Torati 18 na Isaya 8:19 havina kona ya kujificha.

Sasa mistari waliyorushiana. Warumi 14 inahusu vyakula na siku, mambo ambayo mwamini anaweza kuyafanya au kuyaacha akibaki ndani ya utii. Kaka yako ana haki kuitumia kuhusu mbuzi na kugawana nyama. Hawezi kuitumia kufunika maombi kwa wafu, kwa sababu Paulo hakuweka ibada katika orodha ya mambo ambayo kila mtu ajithibitishe katika akili zake mwenyewe. Siku hizi sura hiyo inatajwa kila mara mtu anapotaka mazungumzo yaishe, na huko ni kuionea. Mdogo wako naye ametumia 2 Wakorintho 6 mahali pasipo pake. Sura ile inakataza kufungiwa nira pamoja na wasioamini na kushirikiana na sanamu. Haiamuru kuwakimbia ndugu. Paulo huyo huyo anasema katika 1 Wakorintho 5:10 kwamba kama tungepaswa kujitenga na watu wote wa namna hiyo, ingetubidi tutoke duniani.

Sura inayowafaa wote wawili ni 1 Wakorintho 8 hadi 10, na isomwe yote, kwa sababu Paulo anatenganisha hali nne. Kuketi kwenye meza ya ibada ya sanamu: hapana (10:14-22). Nyama ya sokoni: kula bila kuuliza (10:25). Umealikwa nyumbani kwa asiyeamini: kula unachoandaliwa (10:27). Mtu akikuambia, "Hii imetolewa sadaka": usile, kwa ajili yake yeye aliyekuambia na kwa ajili ya dhamiri (10:28). Ninyi mko katika hali ya nne au mtakuwa katika ya tatu, na tofauti inategemea majibu ya baba mkubwa. Angalia pia kwamba sura hizi zinamkosoa kila mmoja kidogo. Zinamwambia kaka kwamba nyuma ya sadaka kwa wasio Mungu kuna mashetani (10:20), si hewa tupu. Zinamwambia mdogo wako kwamba chakula chenyewe hakimsogezi mtu kwa Mungu wala hakimpunguzii kitu (8:8), hivyo hofu kwamba mtoto aliyeonja kipande bila kujua amefungwa na agano haina msingi hapo. Mafundisho ya kuvunja maagano ya ukoo yamewafariji wengi, lakini yanapomfanya mtu aliyekombolewa na damu ya Kristo aogope sahani ya ndizi nyumbani kwa mama yake, yamepita kipimo.

Itakusaidia pia kujua kwamba ndugu zako wamerithi mabishano haya. Wamishonari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Uchagani kuanzia 1902 hadi 1938 na vipindi vya kukatizwa, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviumba Mungu, na kanisa lijengwe juu yake. Kaka yako anasimama kwenye mkondo huo, ajue asijue. Mkondo wa pili ni uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda, ukafika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliookoka katika uamsho ule walitubu hadharani, wakaacha pombe na matambiko, na wengi walitengwa na jamaa zao kwa ajili hiyo. Mdogo wako ni mjukuu wa imani hiyo, ingawa kanisa lake lina jina jingine. Miaka ya 1970 Byang Kato wa Nigeria, aliyekuwa katibu mkuu wa umoja wa makanisa ya kiinjili ya Afrika na Madagaska, alibishana kwa maandishi na mwanatheolojia John Mbiti wa Kenya juu ya jambo lile lile: dini za wazee wetu zilikuwa maandalizi ya Injili au zilikuwa kinyume chake? Wote wawili walimpenda Kristo. Na Agano la Lausanne la 1974, ambalo wainjili wa mataifa mengi walilikubali, linasema utamaduni upimwe kwa Maandiko: kwa kuwa mwanadamu ni kiumbe wa Mungu, umo uzuri na wema, kwa kuwa ameanguka, wote umeguswa na dhambi, na sehemu yake ni ya kishetani. Kaka yako asome nusu ya kwanza na mdogo wako nusu ya pili, kisha wabadilishane.

Baada ya baba mkubwa, zungumza na kila ndugu peke yake, ana kwa ana au kwa simu ya kawaida. Ujumbe wa sauti usitume, kwa sababu unasambazwa, na anayeusikiliza mara ya tatu husikia dharau ambayo haikuwemo.

Kwa kaka anza na mzigo wake. Yeye ndiye kifungua mimba; jambo likiharibika ukoo utamlaumu yeye, na baadhi ya ukali wake unatoka huko. Mwambie unauona. Kisha muulize swali moja tu: "Kaka, maneno yakigeuka kuwa ombi kwa baba, wewe mzee wa kanisa utasimama wapi?" Mwache akae nalo. Kwa mdogo wako usiulize kwa nini haji, maana atakuhubiria. Muulize, "Ni tendo gani hasa ambalo huwezi kusimama karibu nalo?" Mara nyingi jibu huwa tendo moja au mawili, na siku nzima inayobaki inakuwa huru.

Ndipo uwakutanishe. Muwe watatu, au wanne kama yuko ndugu ambaye wote wanamheshimu. Wachungaji wasiitwe kwenye kikao hiki cha kwanza. Mchungaji wa upande mmoja atageuka wakili hata asipotaka, na upande wa pili utamtafuta wa kwake. Simu zizimwe. Saa moja na nusu inatosha. Ombi la kufungua liwe fupi na aombe wewe, kwa sababu yapo maombi ya mafumbo, ya "Bwana wafungue macho waliopofushwa", na kikao kinakufa kabla ya amina.

Kanuni ya kikao ni moja na ni ngumu: kabla ya kujibu, kila mmoja arudie hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali, "Ndivyo ninavyosema." Kaka aseme kwa kinywa chake kwamba mdogo wake anaogopa kumwomba mwingine badala ya Mungu. Mdogo aseme kwamba kaka anaogopa baba yao azikwe kama mtu asiye na watoto. Wakifika hapo, nusu ya hasira huwa imeondoka. Yapo maneno ya kupiga marufuku tangu mwanzo: "huna wokovu", "umelishwa dini", "umeuza ukoo". Yanahukumu moyo, na hakuna anayeweza kujitetea dhidi ya hukumu ya moyo. Kama kaka yuko tayari kuomba radhi kwa lile neno la kudharau wazazi, aliombee radhi hapo hapo, kisha aandike vivyo hivyo kundini. Tusi la hadharani halifutwi chumbani.

Msije mkaingiza suala la kunywa pombe. Kama mlokole anywe mbege au asinywe ni mjadala mwingine, wa siku nyingine. Kikao kikianza kuhesabu nani alikunywa kwenye harusi ya nani, mrudishe kila mtu kwenye lile tendo la kaburini.

Kikao kitoke na pendekezo, si katazo. Paul Hiebert, mmishonari na mwanaanthropolojia aliyekulia na kufanya kazi India, alieleza hatua ambazo zinafaa kabisa hapa: ichunguzeni mila bila kuihukumu, someni Maandiko pamoja, ipimeni pamoja, kisha tengenezeni tendo jipya litakalofanya kazi ile nzuri ya lile la zamani. Alionya kwamba mila inayofutwa bila kupewa mbadala haifi. Inahamia usiku, watu wanaifanya kwa siri huku wakiimba kwaya mchana. Afrika Mashariki tumeona pia gharama ya kulazimisha jibu kabla ya mazungumzo. Kule Ukikuyu mwaka 1929 misheni kadhaa ziliwataka waumini watie sahihi au alama ya kidole kuukana ukeketaji. Ukeketaji ni madhara na misheni zilikuwa na haki kuupinga. Lakini kwa njia ile waumini wengi sana waliondoka, na shule na makanisa huru yakazaliwa na mjadala ukageuka kuwa wa nani mwenye nchi.

Mbadala wenu unaweza kuwa hivi. Asubuhi ibada fupi ya shukrani kaburini, ikiongozwa na mwinjilisti au mchungaji wa usharika. Baada ya ibada, baba mkubwa apewe nafasi ya heshima kabisa, na asimame akiwatazama watoto na wajukuu, mgongo wake ukiwa kwa kaburi. Awasimulie baba yenu alikuwa nani, alitokana na nani, alipanda nini katika kihamba kile, na aliagiza nini. Baraka aiombe kwa Mungu. Masale yapandwe na watoto ninyi wenyewe mkisameheana kwa sauti. Kwa hali mliyo nayo, hilo halitakuwa igizo. Mbege inywewe na wanywao, isimwagwe. Mbuzi achinjwe kama mbuzi wa wageni, nyama igawanywe kwa mpangilio wote wa ukoo, bila kipande hata kimoja kupungua kwa wazee.

Pendekezo hili alipeleke kaka, na amchukue mzee mmoja wa ukoo ambaye ni mwamini. Likitoka kinywani mwa binti, hata liwe zuri namna gani, litapokelewa kama utovu wa adabu. Wewe kazi yako ilikuwa kusikiliza, na umeshaifanya. Aanze kwa kutaja yote ambayo familia inakubali, ndipo ataje lile moja.

Baba mkubwa akikataa, msivunje shughuli. Ombeni mgawanyo wa muda: wazee wafanye lao alfajiri bila ninyi, ninyi mfike saa nne kwa ibada na chakula. Ombeni pia mbuzi wa pili, kwa fedha zenu, achinjwe mbali na wa kwanza na apikwe chungu chake. Hilo lisemwe wiki kadhaa kabla, kamwe si mezani. Kama mbuzi ni mmoja na umeambiwa wazi kwamba ni wa marehemu, uko kwenye 10:28, usile. Namna ya kutokula nayo ina adabu yake. Usikemee, usishike kichwa ukaomba kwa sauti, wala usidanganye kwamba una vidonda vya tumbo, kwa sababu utaonekana ukila nyama Krismasi. Sema kwa sauti ya chini, "Baba mkubwa, hii sitakula kwa ajili ya imani yangu, naomba unipe mtori usio na nyama hiyo." Ukala vizuri ulichopewa. Kama hukuambiwa chochote, na majibu uliyopata yalikuwa ya heshima tu, kula na ushukuru.

Michango nayo huleta maneno. Anayeogopa kuchangia tambiko achangie kitu kinachotajwa kwa jina: mchele, soda, viti, turubai. Asikae bila kutoa.

Mama amenyamaza, unasema. Je, kuna aliyemuuliza anataka nini? Mjane ndiye atakayebaki na kihamba kile mkishapanda mabasi, na lawama za wazee zitamfikia yeye jikoni kwake. Kaa naye peke yake kabla ya kikao chenu, umsikie, kisha umweleze mlichokubaliana kabla mtu mwingine hajamwambia. Asifanywe mwamuzi kati ya watoto wake.

Mdogo wako akibaki na msimamo wa kutosimama kaburini siku hiyo, muacheni huru. Hilo kweli ni la Warumi 14: yeye ajizuie, na ninyi msimhesabu mwasi. Lakini mwombe aje siku moja kabla, alale na mama, apalilie kaburi, na watoto wake wamwamkie babu yao mkubwa bila kunong'ona maneno waliyoyasikia kwenye video. Na kama mirathi bado haijafunguliwa, kikao cha ukoo asikikose, hata akija kwa saa hiyo tu. Mahakama ya mwanzo huwa inataka muhtasari wa kikao cha kumteua msimamizi, na mabinti wasiokuwepo husahaulika kirahisi kwenye orodha ya warithi. Hakikisha jina lake limeandikwa, amesaini, na nakala unayo wewe.